Bastola inakwama uwanjani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayonifuata kila ninaposimama nyuma ya mstari wa kufyatulia. Yanahusu bastola nusu otomatiki, zile zinazolishwa na magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, na kujikoki zenyewe kila risasi inapotoka. Nitaje upendeleo wangu mapema: mtu akiniambia bastola yake inakwama, naishuku magazini kwanza, kisha risasi, kisha mkono wake. Bastola yenyewe naifikia mwisho, na mara nyingi sifiki huko.

Imekwama sasa hivi, niko kwenye mstari. Nianze wapi?

Anza kwa kutogeuka. Silika ya kila mtu bastola inapogoma ni kuishusha, kuigeuza na kumwonyesha aliye nyuma: "Hebu ona hii!" Kwa kufanya hivyo umewapitishia mtutu watu wote wa upande mmoja, huku ndani kuna risasi ambayo hujui hali yake. Toa kidole kwenye kifyatulio, acha mdomo wa mtutu uelekee shabaha, kisha inua mkono mwingine na umwite msimamizi wa uwanja. Hakuna anayekufukuza.

Ukishatulia, jiulize mambo matatu. Slaidi, kile kipande cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, imesimama wapi: mbele kabisa, katikati au nyuma? Kwenye dirisha la kutolea maganda kunaonekana nini? Na mlio wa mwisho ulikuwaje? Swali la tatu ndilo linaloamua kama utaendelea kugusa kitu chochote.

Nimevuta kifyatulio, nikasikia "tak" tu. Nisubiri kwa muda gani?

Viwanja vingi hutaka sekunde 30 huku mtutu ukielekea shabaha. Vingine hutaka dakika nzima. Fuata sheria ya uwanja uliopo. Sababu ni kwamba fataki, ile duara ndogo kwenye kitako cha risasi, inaweza kuwaka kwa kuchelewa. Kwa risasi za kisasa za kiwandani jambo hilo ni adimu, na likitokea ucheleweshaji huwa ni sehemu ya sekunde. Lakini sekunde 30 hazigharimu kitu, nami sijawahi kukutana na mtu aliyejuta kuzisubiri.

Muda ukipita, toa magazini, vuta slaidi nyuma na uiache risasi ianguke yenyewe. Usiikinge kwa kiganja juu ya dirisha. Watu hupenda kuidaka kwa mbwembwe, lakini risasi iliyobanwa pale inaweza kugongwa fataki na kile kipande kinachorusha maganda, ikalipuka nje ya chemba (tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi ya kufyatuliwa), mkononi mwako. Imeshawahi kutokea kwa watu.

Sasa iokote uitazame fataki. Shimo la kina na la wazi lina maana kwamba bastola ilifanya kazi yake na risasi ndiyo mbovu. Alama hafifu, kama ya kucha kwenye embe, inaelekeza kwenye bastola: njia ya pini inayogonga fataki imejaa mafuta yaliyoganda, springi ya pini au ya nyundo imechoka, au slaidi haikuwa imefunga kabisa. Na kama hakuna risasi iliyoanguka? Basi hapakuwa na risasi ndani ya chemba tangu mwanzo. Usicheke, hilo ndilo jibu la kawaida kuliko yote.

Mlio ulikuwa mdogo kuliko kawaida. Nikoki niendelee?

Hapana. Kama ukurasa huu utakufaa kwa jambo moja tu, liwe hili.

Risasi inaweza kutoka kiwandani, au kwenye mashine ya mtu anayejaza mwenyewe, bila baruti au ikiwa na baruti kidogo mno. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa cha risasi kutoka kwenye ganda na kukiingiza kwenye mtutu, lakini haina nguvu ya kukitoa mdomoni. Kinabaki humo kama gunzi lililokwama kwenye bomba. Ukifyatua nyingine nyuma yake, gesi na chuma vinakosa pa kwenda. Bahati ikiwa nzuri mtutu unavimba pete. Ikiwa mbaya unapasuka, na mikono yako ndiyo iliyo karibu zaidi.

Dalili zake ni hizi: mlio wa "pfu" badala ya kishindo, msukumo wa nyuma hafifu au usiokuwepo, moshi kutoka dirishani, chembe za baruti zisizoungua, na shabaha isiyo na tundu jipya. Mara nyingi slaidi haisogei kabisa, kwa hiyo ganda tupu linabaki ndani na mfyatuaji anadhani ni kukwama kwa kawaida. Hapo ndipo mazoea yanapomponza. Mikono imefundishwa kugonga magazini na kukoki, inafanya hivyo bila kuuliza, na risasi nzima inaingia nyuma ya ile iliyokwama.

Kwa hiyo mlio ukikutilia shaka, simama. Ondoa magazini, toa kilichomo chemba, fungua bastola utoe mtutu, kisha uchungulie kutoka upande wa chemba dhidi ya mwanga. Ukiona mwanga, umepoteza dakika mbili tu. Ukiona giza, mpe fundi aisukume nje kwa fimbo ya shaba au ya mbao. Usijaribu kuifyatulia nyingine "iitoe." Na kama jirani yako kwenye mstari ndiye aliyetoa mlio huo, mpigie kelele asimame, hata kama humjui. Mimi nimepigiwa kelele namna hiyo na mtu nisiyemfahamu. Mtutu ulikuwa safi, nami nilimshukuru vilevile.

Nimefundishwa kugonga kitako cha magazini, kukoki na kuendelea. Ni kosa?

Si kosa, ila ina mahali pake. Mbinu hiyo hutibu mambo mawili ya kawaida, magazini isiyoingia hadi mwisho na risasi iliyokataa kuwaka, na ilibuniwa kwa mtu asiye na muda. Uwanjani unao muda. Jizoeze kuifanya kwa risasi bandia, lakini kwa risasi hai sikiliza mlio kwanza, subiri panapostahili kusubiri, kisha ufanye.

Ganda tupu limesimama wima dirishani kama bomba la moshi.

Ganda lilitoka kwenye chemba lakini halikurushwa mbali, slaidi ikarudi na kulibana. Kulitoa ni rahisi: pindisha bastola kidogo upande wa dirisha na vuta slaidi nyuma kwa nguvu, ganda litaanguka.

Kwa nini limetokea ndilo jambo la kuchunguza. Slaidi ilirudi nyuma polepole au haikufika mwisho wa safari yake. Sababu inaweza kuwa risasi dhaifu, bastola kavu isiyo na mafuta, ukucha unaolishika ganda kujaa masizi, au mkono uliolegea. Likitokea mara moja katika risasi mia mbili, sahau. Likitokea mara tatu katika magazini moja, soma swali linalofuata.

Mwalimu anasema tatizo ni mkono wangu. Bastola inahusianaje na mkono?

Inahusiana sana, na si matusi. Fikiria droo iliyokaza kwenye kabati jepesi. Ukiivuta bila kulishika kabati, kabati zima linakufuata na droo haifunguki. Slaidi ndiyo droo, fremu ya bastola ndiyo kabati, na mkono wako ndio ukuta. Ili slaidi ifike nyuma kabisa, itupe ganda, ikandamize springi na kuchukua risasi mpya, fremu lazima ikae mahali pake. Kifundo cha mkono kikilegea, fremu inarudi nyuma pamoja na slaidi, na nguvu iliyokusudiwa kuendesha mtambo inaishia kwenye kiwiko chako.

Bastola ndogo na nyepesi, hasa zenye fremu ya plastiki, huhisi jambo hili zaidi kwa sababu kabati lenyewe halina uzito. Bastola nzito ya chuma husamehe mengi.

Shika juu kabisa ya mpini, mpaka ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada iguse sehemu ya juu ya nyuma. Jaza nafasi iliyobaki kwa kiganja cha mkono wa pili, kisha ukaze vifundo. Si kuminya hadi mikono itetemeke. Jaribio la haraka ni kumpa bastola ileile, magazini ileile na risasi zilezile mtu mzoefu. Ikienda risasi 30 mikononi mwake bila kusita, umepata jibu, hata kama hulipendi.

Risasi mbili zinagombea mlango mmoja. Nimevuta slaidi, haisaidii.

Na haitasaidia, hata ukivuta mara ishirini. Kuna ganda au risasi iliyobaki ndani ya chemba, na nyingine kutoka kwenye magazini inaisukuma kwa nyuma. Lazima uondoe chanzo cha foleni kwanza. Vuta slaidi nyuma na uifunge hapo kwa wenzo wake. Chomoa magazini, itakuwa imebanwa, kwa hiyo bonyeza kitufe na uivute kwa nguvu. Kisha koki mara tatu au nne bila magazini mpaka kilichomo chemba kitoke. Chungulia. Ingiza kidole kidogo uhakikishe ni tupu. Ndipo uweke magazini upya, ikiwezekana nyingine.

Ikirudia, tazama ukucha wa kutolea maganda. Ukiwa umevunjika ncha, umechoka au umezingirwa na masizi, unateleza juu ya ukingo wa ganda na kuliacha ndani. Mswaki wa zamani na kijiti cha meno hufanya maajabu hapo. Mshukiwa wa pili ni midomo ya magazini, zile kingo za juu zinazozishika risasi: ikipanuka, inaachia risasi mbili kwa pamoja.

Risasi inagonga mteremko inasimama, au slaidi inabaki nje milimita mbili tatu bila kufunga.

Haya ni ndugu wawili. Kama pua ya risasi imejichimbia kwenye mteremko wa kuingilia chemba, magazini haiiinui vya kutosha: springi yake imelegea, midomo imepinda, au hukuiingiza mpaka ikalia. Umbo la risasi nalo lina usemi. Miundo mingi ya zamani, ile inayotokana na bastola ya mwaka 1911 ya John Browning, ilitengenezwa kwa risasi zenye pua ya mviringo iliyovikwa shaba. Ukizipa risasi zenye tundu puani, baadhi hula na baadhi hutema.

Slaidi iliyokaribia kufunga ikashindwa mara nyingi ni uchafu ndani ya chemba, springi kuu (ile inayoirudisha slaidi mbele) iliyochoka, au risasi iliyojazwa upya ambayo ganda lake halikurudishwa kipimo. Wengine huisukuma kwa kidole gumba na kuendelea. Mimi sifanyi hivyo. Risasi inayohitaji kulazimishwa inanieleza kitu, na ni afadhali niitoe niiangalie. Kwa kulinganisha, risasi ya 9x19, ile ya milimita tisa iliyoenea zaidi, haitakiwi kuzidi milimita 29.69 kwa urefu wote. Njia ya kienyeji iliyo bora zaidi ni kutoa mtutu kwenye bastola na kuidondosha risasi ndani ya chemba: inapaswa kuingia kwa uzito wake na kutoka ukiupindua.

Magazini imeisha lakini slaidi imerudi mbele. Siku nyingine inabaki nyuma na risasi bado zipo.

Tazama kidole gumba chako. Kikikaa juu ya wenzo wa slaidi, kinauzuia usipande risasi zinapoisha. Kikikaa chini yake, msukumo wa bastola unakifanya kiuinue kabla ya wakati. Watu wenye mikono mikubwa na bastola ndogo hupata yote mawili kwa siku moja. Ukiwa umehakikisha kidole hakina hatia, jaribu magazini nyingine, kisha risasi yenye nguvu zaidi.

Nitajuaje kama magazini ndiyo mbovu?

Ziandikie namba. Kalamu isiyofutika, namba kwenye kitako, basi. Kila inapokwama andika namba ya magazini, aina ya risasi, na ilikuwa risasi ya ngapi. Baada ya siku mbili uwanjani karatasi itasema yenyewe.

Najua thamani ya jambo hili kwa sababu nilishalilipia. Nilikuwa na bastola iliyonikwamia siku mbili mfululizo. Nilibadilisha springi kuu, nikabadilisha risasi, nikaisafisha hadi ikang'aa, mwishowe nikaipeleka kwa fundi. Hakuifungua hata. Aliuliza: "Umeleta magazini ngapi?" Nilikuwa nimeleta moja, ileile iliyoniangukia kwenye saruji mwezi uliotangulia ikapinda mdomo mmoja kiasi ambacho jicho langu halikuona.

Ikianguka ikiwa imejaa, ichunguze kabla ya kuitumia tena. Ifungue mara mojamoja utoe mchanga na vumbi, na usiipake mafuta kwa ndani, maana yatakusanya uchafu na kuifanya sahani inayosukuma risasi ipande kwa kusuasua. Magazini ni kitu cha kuchakaa, kama tairi. Mbovu itie alama ibaki ya mazoezi ya nyumbani, au itupe.

Risasi zote za milimita tisa si sawa?

La. Soma kilichochongwa kwenye mtutu, kisha kilichoandikwa kwenye kitako cha risasi, na vifanane. 9x19, iitwayo pia 9mm Luger au Parabellum, ni kazi ya Georg Luger iliyoanzia mwaka 1902, na ndiyo iliyoenea zaidi. 9x17 ni fupi na dhaifu zaidi. 9x18 ya Makarov ina kichwa kinene kuliko hizo, milimita 9.27 dhidi ya takriban 9.01. Zikichanganyika kwenye mkoba mmoja, kukwama ndilo tatizo dogo kuliko yote.

Hata ndani ya 9x19 kuna uzito tofauti wa vichwa: greini 115, 124 na 147 ndizo za kawaida, yaani takriban gramu 7.5, 8 na 9.5. Bastola yenye springi nzito inaweza kugomea zile rahisi za mazoezi zilizojazwa kwa upole, na ikala greini 124 bila neno. Nunua boksi moja moja za aina mbili tatu kabla ya kununua katoni.

Kuna pia hili lisiloonekana: risasi ileile ikiingizwa chemba na kutolewa mara nyingi, kichwa chake husukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo. Nafasi ya baruti inapungua na shinikizo linapanda. Iweke kando ya mpya. Ikionekana fupi, usiifyatue.

Mafuta kiasi gani?

Tone moja kwenye kila reli ya slaidi, tone kwenye sehemu ya nje ya mtutu inayosuguana na slaidi, na kidogo pale mtutu unapojifungia. Mahali palipong'aa kwa kusuguana panaomba mafuta. Chemba na mteremko vibaki vikavu, na njia ya pini usiimwagie chochote. Bastola inayokupaka matone usoni ukifyatua imezidishiwa.

Ni mpya kabisa na inakwama. Niirudishe dukani?

Ifungue kwanza, futa grisi ya kuhifadhia ya kiwandani, ipake mafuta ya kazi, kisha fyatua risasi 200 hivi za kawaida zenye pua ya mviringo. Zingine hukaza mwanzoni, hasa zilizotengenezwa kwa vipimo vya kubana sana. Kama baada ya hapo bado inakwama kwa magazini zaidi ya moja na risasi za aina mbili, irudishe, na karatasi yako ya kumbukumbu uipeleke pamoja nayo.

Springi kuu hubadilishwa lini?

Kitabu cha bastola yako kina idadi, ifuate hiyo. Bastola fupi hula springi haraka kuliko ndefu. Dalili za kuchoka ni maganda yanayoruka mbali kuliko zamani, msukumo mkali zaidi mkononi, na slaidi inayochelewa kufunga.

Naweza kusugua mteremko kwa msasa ili risasi ziteleze?

Kung'arisha ni jambo moja, kubadilisha pembe ni jingine, na msasa mkononi mwa asiye fundi hauijui tofauti. Ukiondoa chuma karibu na chemba, ganda linakosa mhimili chini yake, na shinikizo la 9x19 linaruhusiwa kufika baa 2,350. Acha.

Ni wakati gani nimpelekee fundi?

Siku hiyohiyo, kama umeona mtutu uliovimba, ufa kwenye slaidi au fremu, ganda lililopasuka, fataki iliyotoboka, bastola iliyofyatua yenyewe au iliyofyatua mbili kwa mvuto mmoja. Hapo hakuna cha kujaribu mara moja zaidi.

Kwa mengine, badilisha kitu kimoja kwa wakati: magazini, kisha risasi, kisha mfyatuaji, kisha usafi na mafuta. Ukibadilisha vyote pamoja bastola inaweza kupona na usijue dawa ilikuwa ipi. Ikishinda hatua zote nne, ipeleke ikiwa tupu, pamoja na magazini zote zenye namba zake, karatasi ya kumbukumbu, na maganda machache yaliyotoka siku ilipokwama. Risasi hai beba kando, na mwambie fundi unazo kabla hujaziweka mezani.